Pesa za mbuzi zilipopanda Mlima Longonot

Watu wengi wa Nairobi wakifikisha miaka 40 hukodi ukumbi, huagiza keki na mbuzi wa kuchoma, kisha hukaa kitako hadi jioni. Chama cha akina mama watano wa mtaa wa Kayole kimemfanyia hivyo kila mwanachama kwa miaka sita. Mwaka huu zamu ilimfikia mwenzao anayefundisha shule ya msingi, naye akaomba kitu kingine. Zile pesa za mbuzi zilipe nauli na ada ya lango. Alitaka kupanda mlima.

"Walidhani natania," anasema mama huyo. Wenzake humwita Mwalimu, nasi tutamwita hivyo kwa kuwa ameomba jina lake lisichapishwe.

Hakuwa anatania. Miaka miwili iliyopita alipita kwenye kambi ya matibabu ya bure mtaani, akaketi tu ili apumzishe miguu. Kipimo cha presha kilisoma 162 kwa 104. Hakuwa na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 52.

"Nilikuwa na 38," anasema. "Nikatoa 38 kwa 52. Nikaona nimebakiwa na miaka 14, na mtoto wangu wa mwisho alikuwa chekechea."

Alianza dawa, akapunguza chumvi, akaacha kupanda matatu asubuhi. Wiki moja kabla ya safari daktari alimpima akakuta 128 kwa 80. Akamruhusu aende kwa sharti moja: asiruke kidonge cha siku hiyo kwa kuogopa kutafuta choo mlimani.

Jumamosi ya mwisho ya Mei waliondoka kabla ya mapambazuko. Walikuwa Mwalimu, muuguzi wa zahanati, fundi cherehani, muuza mboga na mama wa duka la M-Pesa. Kutoka Nairobi hadi Longonot ni takriban kilomita 90. Walishika barabara ya chini inayoteremka ukutani mwa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, wakapita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano mwaka 1942. Hapo mlima huonekana wote, umekaa peke yake katikati ya bonde kama chungu kilichovunjika mdomo.

Msimu huu wa mwisho wa masika ndio Longonot hupendeza. Majani yaliyokuwa makavu tangu Januari huwa yamechipuka, vichaka vya leleshwa hutoa harufu kama ya kafuri vikiguswa, na pundamilia na twiga hulisha chini ya mlima wakiwa wamenona. Lakini masika hayo hayo yana ukali wake. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu yakaua makumi ya watu. Ndiyo maana chama kilisubiri hadi mvua zipungue, na kikaamua kuanza mapema kwa kuwa radi za msimu huo hupenda kuja mchana.

Longonot ni volkano iliyolala. Inaaminika ililipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Jina lake limetoka kwa Wamaasai, Oloonong'ot, maana yake mlima wa miinuko mingi mikali. Imekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1983, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kama kilomita tatu. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita saba na ushei. Kilele kiko upande wa magharibi wa ukingo, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari.

Kwa karatasi inaonekana rahisi. Kwa miguu ni jambo jingine. Udongo wa Longonot ni majivu ya volkano. Mvua huuchimba ukawa mifereji mirefu kuliko mtu, na njia hupita ndani ya mifereji hiyo. Ukikauka ni vumbi laini linaloingia puani. Ukilowa huteleza. Kabla ya kufika ukingoni mteremko husimama kiasi cha mtu kushika mizizi na mawe kwa mikono.

Mwalimu alitangulia, akiweka mwendo aliofundishwa na muuguzi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko sawa, ukishindwa kumaliza sentensi, simama. Mwongoza njia waliyemkodi langoni alicheka, akasema hiyo ni afadhali kuliko saa za kisasa anazoziona mikononi mwa vijana.

Walifika ukingoni saa tatu na nusu. Ndani ya kasoko, chini kabisa, kuna msitu mzito wa kijani, nyati hukaa humo, na ukutani upande wa pili mvuke hufuka kwenye nyufa za mwamba. Ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Naivasha likimeta, na milima ya Nyandarua mbali mashariki. Muuza mboga alisema ameishi Kenya miaka 43 na hakujua kwamba kumbe nchi ina shimo zuri hivyo. Wakapiga picha. Wakaimba.

Fundi cherehani hakuimba. Alikuwa amekaa, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Alisema ni uchovu tu. Muuguzi aliinama karibu naye akasikia pumzi inalia kama filimbi.

"Una pumu?" akamuuliza.

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu shuleni."

Walikuwa wamechangishana, wamezikana wazazi, wamebebeana watoto kwa miaka sita, na hakuna aliyejua. Inhela ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso. Muuguzi alimketisha wima, akamlegezea vifungo vya shingoni, akamwambia avute, asubiri, avute tena. Baada ya dakika kama 15 filimbi ikanyamaza na rangi ya midomo ikawa ya kawaida. Lakini muuguzi hakutaka mjadala: kwa huyu, kupanda kumeisha. Anateremka sasa hivi, polepole, wala si peke yake.

Mwalimu alifunga mkoba wake. Akasema wote watateremka pamoja, mlima hauna maana kuliko mtu.

Hapo fundi, ambaye sauti yake ilikuwa bado nyembamba, alikataa. "Dada, usinibebeshe mlima wako. Ukirudi kwa ajili yangu, kila nikikuona nitauona huo mlima."

Wakanyamaza. Mwishowe wakagawana. Wanafunzi kadhaa waliokuwa wakishuka na mwongozaji wao walikubali kwenda na fundi na muuguzi hadi langoni. Mwalimu na wawili waliobaki wakaendelea upande wa magharibi na mwongoza njia.

Sehemu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Ukingo unapanda vilima vidogo vidogo, kimoja nyuma ya kingine, na vya mwisho ni vya kukwea kwa mikono na miguu juu ya mawe, kasoko kushoto na mteremko kulia. Mama wa M-Pesa alipanda kwa makalio mahali fulani na hakuona haya. Walikuwa wamebakiza kilima kimoja ndipo mwongoza njia aliposimama. Juu ya Suswa, upande wa kusini, wingu lilikuwa jeusi. Ngurumo moja ikasikika.

"Mnaweza kufika," aliwaambia. "Kushuka ndiko sina uhakika."

Juu ya ukingo mtembea kwa miguu ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na radi hupiga kilicho kirefu. Mwalimu alitazama kilele. Kilikuwa karibu kiasi cha kumwona mtu aliyesimama pale na rangi ya kofia yake. Alilia kidogo, anakiri mwenyewe. Kisha akasema wageuke.

Mvua iliwakuta wakiwa wameshaacha ukingo, ikiwa manyunyu tu. Kule walikotoka ngurumo zilifuatana kwa karibu saa nzima. Langoni, chini ya mgunga, fundi alikuwa amejifunga shuka anakunywa chai ya chupa, na keki ilikuwa haijakatwa.

"Mngejua mngeniambia nisije," alisema.

"Tungekuambia uje na dawa mkononi, si kwenye leso," akajibu Mwalimu, akamkabidhi kisu akate kipande cha kwanza.

Juma lililofuata muuguzi alimsindikiza fundi kliniki. Ikabainika kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akitumia inhela ya kufungua pumzi akibanwa tu, bila ile ya kutumia kila siku inayotuliza uvimbe kwenye njia za hewa ili asibanwe. Sasa anazo zote mbili. Alificha kwa nini? Anasema wateja wakisikia unakohoa hawaleti nguo, na marafiki wakisikia unaumwa hawakuiti mahali. Jambo la kwanza hawezi kulibadilisha. La pili anaona alikosea kulihesabu.

Chama kimeamua kurudi Februari, wakati wa kiangazi, wote watano. Mwalimu anasema kilele hakihami. Bado anahesabu miaka, lakini siku hizi hahesabu kutoka ule wa 52.

Kabla hujapanda

Kwa familia au marafiki wanaotaka kusherehekea kwa namna hii, haya ndiyo waliyojifunza akina mama wa Kayole.

Anza miezi miwili kabla. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka kunatosha, na ngazi za ghorofa ni mlima wa bure.

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu amwone daktari kwanza. Presha isiyodhibitiwa haipelekwi mlimani. Dawa zinywe kama kawaida siku hiyo.

Aliye na pumu aweke inhela mfukoni, wala asiizike ndani ya mkoba, na angalau mwenzake mmoja ajue ilipo. Jasho la kupanda, vumbi na hewa baridi ya ukingoni vyote vinaweza kumbana.

Anayetoka Mombasa au Lamu apumzike siku moja Naivasha kabla ya kupanda. Hewa ya kileleni ni nyepesi kwa zaidi ya robo kuliko ya ufuoni.

Beba maji angalau lita mbili kila mtu, njiani hakuna. Vaa viatu vyenye meno, kwani kushuka ndiko huumiza magoti na kuangusha wengi. Ada hulipwa kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu, hivyo lipa kabla ya kuondoka nyumbani.

Na kabla gari halijawashwa, kila mtu aseme anaumwa nini. Ni swali la dakika tano, na ni rahisi zaidi kujibiwa sebuleni kuliko ukingoni mwa kasoko.