Mswada Usio na Jina

Goma, 12 Machi 2025

Umeme umerudi saa nne usiku. Nimefungua mswada ambao jarida moja la ng'ambo limeniomba niuhakiki. Unahusu koltani ya Rubaya, kwetu Masisi, na kasiteriti, mawe ya bati, ya Bisie, Walikale. Jina la mwandishi limefichwa, naye atafichwa langu. Kichwa cha makala sikiandiki hata humu. Ni siri niliyokabidhiwa.

Katikati ya mswada nimekwama. Yamo maneno ya mbebaji mmoja wa magunia ya madini, mtu wa kijiji cha Njingala. Yametafsiriwa, lakini nayajua, maana niliyaandika mimi kwa Kiswahili mwaka 2013, nilipokuwa mwanafunzi anayelipwa kwa siku kuwahoji watu kwa niaba ya watafiti. Nimelitoa daftari, lile lenye doa la mawese. Siku ile alikuwa amekalia gunia lake, kamba ikiwa imemwachia mfuo kwenye paji la uso, akihesabu kwa vidole vizuizi vyote vya njia ya Bisie na alichotozwa kwa kila kimoja. Kwenye mswada, aliyemhoji hatajwi popote.

14 Machi

Jana kampuni ya uchimbaji ya Alphamin imesimamisha kazi Bisie. Vita vinasogea.

Sijalala vizuri. Naweza kukaa kimya, nihakiki, kisha nimlazimishe mwandishi aeleze data aliipata kwa nani. Asingejua ni mimi. Watafiti wenzetu walikwisha kulia kilio hiki katika mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series, wa 2020: sisi tunakwenda porini, majina yetu yanabaki huko huko. Nina haki ya kudai. Lakini nikidai nimejificha nyuma ya kiti cha mhakiki, nitakuwa nimemvizia mtu. Miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, inataka mhakiki atangaze mgongano wa maslahi mapema, na mimi huu ninao mpaka kooni.

20 Machi

Jana waasi wa M23 wameingia Walikale mjini. Nimeurudia ukurasa ule, na mara hii sikujitafuta mimi. Umetaja kijiji, umri, na alama ya mwilini ambayo sitaiandika hapa. Mhakiki wa mbali ataona ushahidi mzuri. Mtu wa Njingala ataona jirani yake, na ataona pia amesema nini juu ya wenye bunduki.

Nimemwandikia mhariri usiku huu huu. Najitoa, na sababu nimeieleza. Nimemsihi alama zile ziondolewe, yeyote atakayehakiki. Suala la jina langu nitalidai waziwazi, kwa barua nyingine. Faili nimelifuta.

4 Aprili

M23 wametoka Walikale mjini. Mhariri amejibu kwa heshima: aya ile itarudishwa kwa mwandishi airekebishe. Anaomba nimpendekezee mhakiki anayeijua Walikale. Ninaye mmoja, mwalimu, makini kuliko mimi, lakini jina lake sitalitoa kabla hajakubali mwenyewe. Nimempigia mara tatu tangu asubuhi. Simu imezimwa.