Wakati milima yetu inavaa mekundu

Kule Ulaya mwezi wa kumi ukifika, watu wanatoka kutazama miti inavyogeuka rangi. Majani yanakuwa ya manjano na mekundu, kisha yanaanguka. Ndugu zetu wanaokaa kule wanatuma foto, nasi tunashangaa. Lakini wewe unayekaa Likasi, Kambove ao Kipushi, ulishatazama siku moja mulima ulio nyuma ya nyumba yako mwezi wa tisa?

Huku kwetu jambo hili linafanyika kinyume. Jani jekundu la Ulaya ni muzee anayekufa. La kwetu ni mutoto. Mwisho wa kipwa, wakati udongo umekauka paka kupasuka na vumbi imejaa mu nyumba, miti ya miombo inatoa majani mapya mbele mvua haijanyesha. Mizizi yake inashuka chini sana, inanywa maji yaliyobaki kule. Jani linatoka na rangi ya shaba (ndiyo, ile shaba yetu), kisha linageuka kijani. Wenye elimu wanafikiri ile rangi inakinga jani changa juu ya jua kali. Majuma machache tu, na imeisha.

Basi panda mulima asubuhi mapema, na usimame kimya. Utasikia nyuki juu, kwani miti mingi inachanua wakati ule, hata kama maua yake ni madogo. Pengine utaona ndege wa rangi ya majivu anayepiga kelele na kuruka muti kwa muti. Ni ndege wa asali. Anapenda nta, lakini kufungua tundu la nyuki hawezi, njo maana anaita mutu amusaidie. Tazama pia mbinguni: mbayuwayu wanafika, na wale ndege wanaokula nyuki, wenye koo la manjano na kifua cha buluu. Wametoka Ulaya, wanakimbia baridi inayofuata ile miti ya foto.

Nyama wakubwa? Tusidanganyane, karibu na kariere hawako tena. Kwa kuona pori kubwa ni kwenda mbali, kama vile Kundelungu, parke tangu 1970, ambako maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya metre 300. Huku kwetu tafuta pimbi kwenye mawe, na miiba ya nungu njiani. Watoto wanaipenda sana.

Sasa, neno moja juu ya moto. Makala tunayapikia sisi wote, na muti uliokatwa vizuri unachipuka tena kwenye kisiki. Lakini vijana wanaowasha pori mwezi wa tisa kwa kutafuta panya, wanaunguza yale majani mekundu na vile vichipukizi vyote. Kuanzia miaka ya 1930, karibu na Ndola kule Zambia, watu walipima jambo hili. Pahali walipochoma kila mwaka mwisho wa kipwa, musitu uliisha, majani ya nyasi yakabaki. Pahali walipochoma mapema, nyasi ikiwa na maji bado, miti ilibaki. Na kumbuka: vinkubala wanakula majani ya miti hii, na bowa nyingi zinaota kwa kushirikiana na mizizi yake. Mama anayeuza bowa kando ya barabara, biashara yake inaanza mule ndani.

Kwa hiyo nenda mbele mvua haijafika. Ikisha kunyesha, mulima utakuwa wa kijani kama siku zote, hautaona tena kitu. Ila usiku ule usilale mapema: inswa watatoka kwenye vichuguu kwa maelfu. Weka taa inje, na beseni ya maji chini yake.