Vigingi vya Mwani

Mwaka niliotimiza umri wa miaka 52 nilinunua kamera ya mkono wa pili, pamoja na lenzi moja iliyokwaruzika pembeni. Wenzangu wa baraza walinicheka. Walisema mtu aliyekula nusu ya umri wake akihesabu mizani na kufasiri maneno ya watu hana haja ya kutafuta uchawi mwingine uzeeni. Sikuwajibu. Nilikuwa nimeona katika kitabu kimoja picha ya bahari iliyotulia kama maziwa yaliyomiminwa katika sinia, na mwamba mmoja umesimama kati yake, nikatamani kujua bahari ile imetulizwa na nani.

Kumbe haikutulizwa na mtu. Kilango cha kamera, ambacho aghalabu hufunguka na kufumba kwa sehemu ndogo ya sekunde, kilikuwa kimeachwa wazi kwa muda mrefu. Mawimbi yakaenda na kurudi juu ya picha ile ile mpaka yakajifuta yenyewe. Kinachosimama hubaki, kinachokwenda huwa ukungu. Elimu iliyosalia ni ya kuzuia mwanga usizidi na kamera isitikisike, na hiyo iliyosalia ilinila miaka miwili.

Vitabu nilivyojifunzia viliandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambako wakati wa kiangazi mwangaza hukawia sana baada ya jua kuzama. Wao huishauri saa hiyo. Kwetu huku jua likishazama hupati zaidi ya dakika 20 na kitu. Kabla hujaiweka sawa stendi ya miguu mitatu, giza limeshashika. Ikanibidi nipige mchana, na mchana hapana budi lenzi ifunikwe kioo cheusi. Kioo kinachopunguza mwanga mara 1,000 hivi hugeuza thelathini moja ya sekunde ikawa zaidi ya sekunde 30. Bei yake sikuiweza. Fundi mmoja wa milango ya chuma, jirani yangu, alinipa kioo cha akiba cha kinyago chake cha kuchomelea, nami nikakifunga mbele ya lenzi kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kioo hicho kina ila mbili. Ya kwanza, hakipitishi kitu cha kuonekana, kwa hivyo lazima ulenge na kuweka ukali wa picha kabla ya kukifunga, kisha uuzime ule mtambo wa kamera wa kujilengea wenyewe. Ya pili, kila kitu hutoka kijani kibichi, hata uso wa mtu na mawingu. Ndiyo maana picha zangu zote ni nyeusi na nyeupe. Wapo walionisifu kwa uamuzi huo, nami sikuwasahihisha.

Mahali pa kujifunzia palikuwa Jambiani, alikoolewa dada yangu. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, na ndipo mashamba ya mwani hujitokeza: safu kwa safu za vigingi vilivyochomekwa mchangani, kamba zimefungwa baina yake, maji ya kufika kwenye vifundo yakipitapita kati. Nani ataona mistari iliyonyooka hivyo asitake kuipiga picha? Lakini mchanga uliolowa humeza miguu ya stendi polepole, na picha inayochukua nusu dakika haisamehe hata unywele mmoja wa mzamo. Dada ndiye aliyeniambia niweke vifuu vya nazi chini ya kila mguu. Kwa upepo wa kusi nilitundika kikapu cha mawe katikati ya stendi. Sikuwa na swichi ya mbali ya kushikilia kilango, basi nilitumia saa ya kamera yenyewe, ambayo ukomo wake ni sekunde 30, na katika kungoja nilisoma kimoyomoyo ubeti mmoja wangu wa tarbia. Mizani 64, kwa mwendo wa kusema bila ya kughani, huingia humo barabara. Nikifika kituo, kilango hufumba.

Kuhusu dada lazima niseme neno. Kilimo hiki kilipoanza kwetu kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Paje na Jambiani, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia majini. Mimi nilikuwa kijana niliyeacha shule, nisiye na kazi. Kwa fedha za mwani alininunulia kamusi, na kwa kamusi ile nikajifundisha kufasiri. Tangu hapo maji yamepata joto. Kotonii, aina yenye bei, hufa. Spinosamu inastahamili zaidi lakini bei yake ni ya kukatisha tamaa. Dada hakuacha. Kila bamvua huinama akifunga miche kwenye kamba, kifundo baada ya kifundo, mgongo juu, macho yakipigwa na mng'ao wa maji.

Nilipomwonyesha picha zangu za mwanzo alizitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Na sisi tu wapi?"

Nikamweleza kuwa wao walikuwa wakitembea, na kamera ya namna hii haimwoni anayetembea. Nikamsimulia kisa cha Daguerre, Mfaransa aliyeipiga picha barabara moja ya Paris mwaka 1838, ikachukua dakika kadhaa. Barabara ilijaa watu na magari ya farasi, na wote wakapotea, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kupigwa viatu rangi.

"Na huyo anayempiga rangi?"

"Naye anaonekana kidogo. Mkono wake ulikuwa ukienda."

"Ehe," alisema dada, akanirudishia picha.

Bamvua la pili nikapiga tena. Walikuwemo wanawake sita au saba katika fremu. Usiku, nilipoikuza picha ile, niliona vigingi, kamba, maji kama moshi, na mwanamke mmoja wazi kabisa, kila mkunjo wa kanga yake ukihesabika. Ni dada. Amesimama, mkono mmoja kiunoni na mwingine umekamata kigingi, uso ameuelekeza bahari kuu ili wenzake wasiuone. Ubeti mzima nimeusoma, yeye hajasogea.

Asubuhi nikampelekea. Hakuuliza safari hii waliko wengine.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu mwezi wa Ramadhani. Hushika, huachia." Kisha akasema, "Nani mwengine kaiona?"

"Hakuna."

"Basi isitoke hiyo. Mwanangu akiiona atanikataza kushuka pwani."

Tulibishana sana siku ile, na mengine si ya kuandikwa. Mwisho tulipatana. Yeye atakwenda hospitali, nami sitaitoa picha. Nilipomwomba ruhusa ya makala haya alifikiri kidogo akasema, "Maneno andika. Picha hapana." Daktari amemkataza kuinama majini. Sasa hukaa nchi kavu, chini ya kivuli cha makuti, akifunga miche kwenye kamba, na mimi siku za bamvua ndiye ninayezipeleka kamba zile shambani na kurudi na magunia. Gunia la mwani mbichi ni zito kuliko nilivyodhani kwa miaka thelathini na ushei ya kuliandikia mashairi.

Mara moja moja huiacha kamera juu ya vifuu vyake ijipigie yenyewe, nami nikashuka majini. Ile ya mwezi uliopita nilimwonyesha. Vigingi vimetoka vizuri. Kushoto, karibu na kigingi cha tatu, pana waa la kijivu lenye umbo la mtu, nami nikamwambia ni kasoro ya kioo.

"Kasoro gani?" alisema, akaisogeza picha karibu na macho. "Huyu ni wewe. Umesimama kupumzika."

Alicheka mpaka akashika kiuno.