Mshale Uliopanda Bunju

Fundi aligoma kwenda mjini. Mimi nilitaka safari ya kwanza ya Land Rover ya marehemu mjomba iwe Posta na kurudi: nipite Mtaa wa Shaaban Robert, nipige picha nje ya Makumbusho ya Taifa, panapotunzwa Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere, ili kizee kimsalimie mkubwa wake. Fundi akatazama upande wa Mwenge, kwenye vumbi la ujenzi wa njia ya mwendokasi, akatikisa kichwa.

"Injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo haipelekwi kwenye foleni, mwanangu. Inataka ikimbie, ipunguzwe, iongezwe, ringi zikae sawasawa kwenye silinda. Ukiisimamisha Lugalo saa nzima umeichosha kabla haijaanza kazi. Twende Bagamoyo."

Gereji yake ipo Tegeta, hatua chache kutoka barabara kuu, chini ya mwarobaini, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta vumbi la kiwanda cha saruji cha Wazo. Magari mengi pale ni Noah na IST, yanaingia asubuhi na kutoka jioni. La mjomba liliingia likivutwa kwa kamba na likakaa mpaka kuku wakazoea kulala chini yake. Ni pikapu ya 109, Series III, ya mwaka 1976, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Bodi yake ni aluminiamu, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na utaratibu ule ukabaki. Kwa hiyo bodi ilikuwa nzima. Fremu, ambayo ni chuma, ndiyo iliyoliwa na chumvi ya bahari, na kuichomelea kulikula fedha kuliko injini yenyewe.

Habari za injini sitazirefusha. Hedi ilipelekwa kukwanguliwa, valvu zikasagwa, ringi na beringi zikatafutwa Gerezani. Ila kuna jambo moja ambalo wenye magari haya hulisahau. Injini hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ilikuwa kinga ya viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya aina hiyo kufikia Januari 2006. Tangu hapo viti laini vya zamani vinalika, hasa vya valvu za kutolea moshi, na nafasi ya valvu inapungua kimyakimya mpaka valvu inashindwa kufunga. Fundi alifunga viti vigumu, kisha akapima nafasi zote nane kwa fila geji, robo milimita kila moja, akizungusha injini kwa hendeli. Redio ilizimwa kwa kazi hiyo.

Lakini kilichonifanya nimpende fundi huyu ni dashibodi. Mafundi wengi wa Dar ukiwapelekea gari linalochemsha, cha kwanza wanatoa themostati na kuitupa, wanasema ni kifaa cha nchi za baridi. Geji ya joto ikifa wanaiacha ilivyo. Ya mafuta ikifa wanakwambia weka ya elfu ishirini kila asubuhi, utajua mwenyewe. Gari linatembea, ni kweli, ila dereva amezibwa macho. Na injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto lake, inakunywa petroli zaidi, petroli nayo inaosha oili kwenye kuta za silinda, kisha watu wanashangaa ringi kuisha mapema. Nimeona Land Rover zilizopakwa rangi zikang'aa kama sahani za harusini, ndani mishale yote imelala. Kwangu mimi hilo halijafufuliwa, limeogeshwa.

Mzee huyu alikuwa kinyume kabisa. Aliazima jiko la mkaa na sufuria kwa mama ntilie wa jirani, akaning'iniza themostati kwa uzi ndani ya maji pamoja na kipimajoto, tukaiinamia. Maji yalipokaribia nyuzi 80 ile sahani ndogo ya shaba ikaanza kujiinua, taratibu, mpaka ikafunguka yote. Akaitoa, akaiacha ipoe, akairudisha tena. Kisha ikaja zamu ya sensa ya joto: waya mmoja kwenye geji, mwingine kwenye bodi ya sensa, sensa kwenye maji yanayochemka. Pale Tegeta, karibu na usawa wa bahari, maji yakichemka ni nyuzi 100, huhitaji maabara. Mshale ulipotulia akaweka alama ya kalamu juu ya kioo. Mama ntilie aliuliza kama tunapika supu.

Spidomita ilikwenda Kariakoo kwa fundi saa. Ndani yake hakuna gia inayousukuma mshale. Kebo inazungusha sumaku, sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa, nguvu yake inakivuta kikombe, na springi nyembamba kama ya saa ya mkono inakizuia kisizunguke. Mvutano huo ndio mwendo unaousoma. Ya mjomba ilikuwa imekwama kwa grisi: kuna mtu miaka ya nyuma aliijaza kebo mpaka juu, grisi ikapanda hadi kwenye kikombe na kugandia hapo. Fundi saa aliisafisha kwa spiriti, akaweka tone la oili kwa ncha ya sindano, akaonya kwamba kebo ipakwe kidogo tu, na sehemu ya juu iachwe kavu.

Tukaondoka asubuhi, fundi kwenye usukani kwa kuwa alisema safari ya kwanza ni yake, mimi pembeni, kijana wake nyuma na dumu la maji, kamba na sanduku la spana. Tuliweka petroli lita 20. Tangi lipo chini ya kiti, linabeba kama lita 45, hivyo mshale ukakaa chini kidogo ya nusu, pale pale ulipotakiwa.

Boko tulipita kwa sauti. Land Rover ya umri huo haina siri: gia zinaimba, milango inagonga, upepo unaingia penye raba na pasipo na raba. Bodaboda mmoja alitufuata akipiga honi, kumbe anataka kujua kama inauzwa. Trafiki naye alitusimamisha, akazunguka gari lote, akauliza leseni, akauliza vibali, mwishowe akauliza kama tulikwenda Arusha. Alimaanisha tamasha la Oktoba 2024, Land Rover zilipojazana Arusha kwa mamia kuiwania rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632. Fundi akamjibu kwamba wakati ule hili lilikuwa bado na kuku.

Bunju ndipo mshale wa joto ulipoanza kupanda.

Ulikuwa umetulia katikati tangu Tegeta. Sasa ukaanza kutambaa, bila haraka, kwa namna geji hizi zinavyotambaa, ukaipita alama ya kalamu na kuelekea kwenye wekundu. Nikamwambia, "Mzee, linachemsha." Akatazama, hakujibu, akaendelea kidogo, akatazama tena. Kisha akatabasamu.

"Soma na ya mafuta."

Geji ya mafuta ipo kwenye duara moja na ya joto. Mshale wake nao ulikuwa umepanda, umekaribia kujaa.

"Tumepita kituo gani cha mafuta mimi nimelala?" akauliza.

Tukaegesha chini ya mkorosho. Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya radieta, akashika bomba la juu. Lilikuwa la moto wa kawaida, moto wa mkono kuvumilia kidogo na kuachia. Hakuna mvuke, hakuna harufu ya maji matamu. Injini haikuwa na tatizo. Akanieleza akiwa tayari amelala chali kwenye sakafu, kichwa chini ya dashibodi na tochi mdomoni, nikayapata maneno vipande vipande.

Geji hizo mbili hazilishwi umeme wa betri moja kwa moja. Betri ni volti 12, altaneta ikifanya kazi zinafika 14, zinapanda na kushuka kwa kila taa unayowasha. Kwa hiyo nyuma ya paneli kuna kikopo kidogo kinachozilisha zote mbili wastani wa volti 10. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya: ukipata joto unajikunja na kukata umeme, ukipoa unarudi na kuunganisha, hivyo hivyo mchana kutwa. Ila ili ule waya upate joto, kikopo lazima kishike ethi kwenye bati la gari. Ethi ikipotea, ukanda haujikunji tena, umeme wote wa altaneta unakwenda kwenye geji, na geji zote mbili zinadanganya kwa pamoja, kuelekea upande mmoja. Spidomita haikusogea kwa sababu haitumii umeme kabisa. Mshale mmoja ukipanda peke yake, ogopa. Miwili isiyohusiana ikipanda pamoja, tafuta inapokutana.

Ilipokutana palikuwa na rangi. Paneli ilikuwa imepakwa upya, nyeusi, nzuri, mpaka nyuma, mpaka kwenye tundu la skrubu inayoshika kile kikopo. Skrubu ilipokazwa gereji iligusa chuma kidogo kwenye nyuzi zake, ikatosha. Mtikisiko wa barabara ukaulegeza mguso huo. Fundi akachomoa skrubu, akakwangua rangi kwa kisu mpaka bati likang'aa kwa upana wa shilingi, akarudisha, akataiti. Mishale ikaanza kushuka yote miwili, kwa mwendo ule ule wa uvivu. Kijana nyuma akapiga makofi.

Kuvuka daraja la Mto Mpiji unaingia Mkoa wa Pwani, na barabara inapata nafasi. Mapinga, Kerege, mikorosho na viwanja vya watu vyenye kuta mpya. Fundi aliicheza injini kama alivyoahidi: anaipandisha hadi 70, anaiachia ishuke, anaipandisha tena. Moshi mwepesi wa bluu uliokuwa ukitoka asubuhi ulikuwa umekwisha kabla ya Kiromo. Mimi nikashika simu nikilinganisha mwendo wa setilaiti na wa dashibodi. Penye 60 simu ilisema 55. Kila mara.

Bagamoyo tulikwenda moja kwa moja pwani, karibu na soko la samaki. Magofu na boma la Wajerumani vilisubiri siku nyingine. Fundi alitumbukiza ufito safi kwenye tangi, akausoma, akatazama geji, akaridhika. Kisha akachuchumaa mbele ya tairi na kusoma maandishi yake: 205R16. Gari hili lilitoka kiwandani na 7.50-16, ambazo ni kubwa zaidi. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, kebo nayo inazunguka zaidi, spidomita inaamini mnakimbia kuliko mnavyokimbia. Maana yake hata zile kilomita ambazo mjomba alikuwa akijisifia kwenye misiba na harusi zilikuwa na nyongeza.

Nikasema basi turudi kwa fundi saa, aikaze springi isome sawa na simu. Fundi akakasirika kweli, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Spidomita ni nzima, akasema, inasema kweli kuhusu tairi ambazo haikuwahi kutambulishwa. Lenye kosa ni tairi, libadilishwe tairi. Nikamuuliza bei ya 7.50-16 nne. Alipoitaja tukanyamaza wote, tukanunua pweza, tukala tumesimama.

Tulirudi Tegeta kwa 70 ya dashibodi, ambayo ni 64 ya kweli, na daladala zote zikatupita.