Rubondo na watoto: Jaketi kwanza, picha baadaye

MWALONI Nkome, wilayani Geita, asubuhi huanza na harufu ya dagaa. Kina mama wanawageuza walioanikwa, mitumbwi inarudi na sangara, watoto wanaoga ufukweni. Hapa ziwa ni kazi. Kupanda boti ili kupumzika tu, baba, mama na watoto, bado ni jambo geni kwa wengi.

Hata hivyo, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iko jirani, na familia inayoanza kutembelea hifadhi haitapata kwa urahisi mahali palipotulia kuliko hapo. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Haina simba. Ina nzohe, viboko, mamba na ndege wengi, pamoja na tembo, twiga na sokwe waliopelekwa na binadamu. Sokwe 17 waliachiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969, wakitokea Ulaya walikofugwa. Vizazi vyao sasa vinaishi porini.

Swali la kwanza la mzazi lisiwe bei, liwe usafiri wa majini. Kanda ya Ziwa haijasahau Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea linalomtosha, lifungwe kabla boti haijang'oa nanga. Boti iliyojaa kupita kiasi ikataliwe, hata kama nauli imeshalipwa. Mwenye watoto wadogo au bibi anayeogopa mawimbi ni heri azunguke kwa barabara hadi Kasenda, wilayani Chato, ambako safari ya majini ni fupi zaidi kuliko kutokea Nkome.

La pili ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Mtoto hatahisi kitu siku hiyo. Wiki au miezi baadaye yanaweza kuja maumivu ya tumbo na damu kwenye choo. Tiba ipo, ila kwanza apelekwe kupimwa. Kisiwani, mamba ni sababu nyingine ya kutomruhusu aoge ziwani.

La tatu ni malaria: chandarua usiku, na homa yoyote baada ya safari ipimwe mapema.

Mwenye mafua asiende kuwatazama sokwe, kwa kuwa wanaambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa.

Kuhusu gharama, watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio. Ulizeni viwango vya sasa na nauli ya boti kabla ya kuondoka nyumbani, kwani boti huweza kuzidi kiingilio. Familia mbili au tatu zikichangia, mzigo hupungua.

Mtoto wa Nkome anayejua ziwa kwa dagaa tu, akirudi amemwona twiga kisiwani, atakuwa na la kusimulia shuleni.