Gitaa na Kisanduku cha Kuigia Sauti

Twataka kuwapa habari ya chombo kilichoingia katika kwaya zetu hapa Kahama, na ya kosa tulilolifanya kwacho sisi wenyewe, ili mwingine asije akalifanya.

Mwenye gitaa la umeme ajua ya kuwa gitaa hilo pekee halisikiki. Uzi hutikisika juu ya sumaku ukazaa umeme mdogo sana. Umeme huo huenda katika amplifaya ukakuzwa, na spika huugeuza kuwa sauti. Lakini kazi ya amplifaya si kukuza tu. Kila moja ina tabia yake, kama chungu kinachoipa mboga ladha. Kwa hiyo wapigaji wa dunia nzima hutafuta zile zenye sifa, Fender ya Marekani, Vox na Marshall za Uingereza, ambazo bei yake yamshinda mwalimu, na uzito wake wamshinda mwenye baiskeli.

Basi mafundi wakafanya shauri la kuziiga kwa hesabu. Mwaka wa 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa kisanduku chekundu kiitwacho POD, chenye umbo la punje ya maharage, nacho kilikuwa na mifano ya amplifaya nyingi ndani yake. Mwaka wa 2011 Kemper, kampuni ya Ujerumani, ilitoa chombo cha kuchukua sura ya amplifaya iliyowekwa mbele yake, kama mpiga picha achukuavyo sura ya mtu. Siku hizi iko hata programu igawiwayo bure, Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, ambayo hufundishwa kwa kulinganisha sauti iliyoingia katika amplifaya na ile iliyotoka. Katika vyombo hivi sauti hupimwa mara nyingi sana, mara 48,000 kwa kila sekunde katika vingine, na kila kipimo kikafanyiwa hesabu kabla mpigaji hajainua kidole.

Sisi walimu watatu tulichanga fedha tukanunua kisanduku kilichokwisha kutumika, kwa ajili ya mzee wetu mmoja. Mzee huyo alifundisha kwaya miaka mingi, na mkono wake wa gitaa aliupata ujanani kwa kusikiliza Tabora Jazz na Western Jazz katika Radio Tanzania. Hapigi kwa ghadhabu. Nyuzi zake husemezana, ya juu ikiuliza na ya chini ikijibu, na kati yake pana nafasi. Tuliona si haki mkono ule upotee bila kurekodiwa.

Tulikutana usiku darasani, maana mchana mashine za kukoboa mpunga na malori yaendayo Rwanda na Burundi hayampi mtu nafasi ya kurekodi. Tukafungua kisanduku, tukapitia sauti zake moja moja, mpaka tukaifikia moja yenye mkwaruzo na mwangwi mwingi, na jina kubwa la Kizungu. Katika visikizio vya masikioni ilikuwa kama kusikia gitaa likipigwa mbinguni. Mzee alivivaa, akapiga kidogo, akavivua.

"Mwalimu," akasema, "hili ni gitaa langu au la nani?"

Tukamjibu, "Baba, subiri, utalipenda." Jibu hilo twalikumbuka mpaka leo. Akapiga nyimbo tisa bila kulalamika tena, na kompyuta ikahifadhi sauti ile iliyokwisha kupambwa, hiyo tu.

Jumapili tulizipiga katika spika kubwa za kanisani. Besi ikanguruma, nyuzi za juu zikachoma masikio, na vidole vya mzee havikusikika kamwe. Baadaye tulisoma sababu. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka wa 1933 ya kuwa sikio la mwanadamu, sauti ikiwa ndogo, husikia hafifu zile nene na zile nyembamba kuliko zile za kati. Sisi tulitengeneza usiku, polepole, tusiwaamshe watu. Tukaongeza besi na wembamba mpaka tukaridhika. Sauti ilipokuzwa, vyote viwili vikafurika. Tena kuta na mabati ya kanisa vina mwangwi wake, nasi tulikuwa tumeleta mwingine kutoka nyumbani.

Tukakusudia kurudia kazi. Kabla hatujarudia, mzee akapatwa na kiharusi, na mkono wa kushoto, ule ushikao shingo ya gitaa, ukafa.

Hapo ndipo tulipojua ukubwa wa kosa letu. Kompyuta yaweza kuhifadhi njia mbili kwa wakati mmoja: gitaa kavu, kama lilivyotoka katika waya, na gitaa lililopambwa. Ukiwa na lile kavu, waweza kulivika amplifaya yo yote, leo au baada ya miaka kumi, nalo halidhuriki. Ukiwa na lililopambwa tu, huwezi kulivua. Unga ukishasongwa ugali haurudi kuwa unga. Kulihifadhi lile kavu kungetugharimu kubonyeza mara moja.

Mzee ana mjukuu aliyejifunza kwake. Tulimrekodi huyo, kavu kwanza, na mzee akaketi kitini karibu na spika. Tulichagua mfano wa amplifaya nyeupe ya namna ya Fender, tukaushusha mkwaruzo mpaka ukaisha, tukapunguza besi, tukaongeza kidogo sauti za kati, maana humo ndimo gitaa la dansi linamokaa, kati ya rithimu na besi na waimbaji. Safari hii hatukutumia visikizio. Tulitengeneza kwa spika, kwa kiasi cha kanisani, kwaya ikiimba pamoja. Gitaa lipendezalo likiwa peke yake mara nyingi humezwa wenzake wakiingia. (Vijana wengine huzima ile sehemu ya kuiga spika, kisha hushangaa gitaa likivuma kama nyuki. Spika ya kweli ya gitaa huzipunguza sana sauti zipitazo hetzi 5,000 hivi, na asiyeiiga huzipata zote.)

Tulipofika kwenye mwangwi, mzee aliinua mkono wa kuume.

"Punguza."

Tukapunguza.

"Punguza tena."

Tulipunguza mpaka tukadhani hakuna kilichobaki, naye akatikisa kichwa kukubali.

Katika zile nyimbo tisa mjukuu alikuwa akizijua sita, nazo zimerekodiwa vema. Tatu hakufundishwa, na babu hawezi kuzipiga. Ziko katika sauti ile mbaya tu. Tumejaribu kuzisafisha kwa kompyuta, bila faida kubwa. Lakini wimbo mmoja waanza polepole, na mwanzoni, mwangwi haujajikusanya, vidole vyasikika kwa muda wa pumzi mbili tatu. Mjukuu ameokota kipande hicho. Jioni hukirudia uani, na mzee humwonyesha kwa mkono mmoja mahali pa kuweka kidole.