Fremu ya 62

Shinyanga ya utoto wangu hakuna aliyeuliza saizi ya baiskeli. Phoenix ilikuwa Phoenix: nyeusi, tairi za inchi 28, bomba la juu limelala sambamba na ardhi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima na gunia lake, wengine tujipange. Watoto tulipitisha mguu chini ya bomba tukanyonga hivyo hivyo, ubavu umepinda, mpaka sokoni.

Mimi nilirefuka kupita kiasi, mita 1.96, na kwangu lile dude likawa neema. Usukani ukionekana uko chini, unalegeza bolti ya shingo, unaigonga kidogo na nyundo, unavuta juu, unakaza. Kazi ya mwenye spana yoyote.

Halafu ikaja kazi ya mjini, daladala, gari, kitambi. Daktari alipoanza kutaja sukari, nikawakumbuka vijana wanaopita alfajiri Barabara ya Bagamoyo na baiskeli za mbio, nikaenda Kariakoo.

Mitumba mingi niliyoonyeshwa ilitoka Japani, fremu za 50, 52, 54. "Bosi, inakutosha hii, tunapandisha siti tu," muuzaji akasema, akaivuta mpaka ule mstari wa kikomo kwenye bomba la siti ukachungulia nje. Nikapanda. Miguu ilinyooka vizuri, lakini usukani ulikuwa chini kabisa, karibu na magoti, na uzito wangu wote ukaangukia viganja. Kuzunguka mtaa mmoja tu, vidole vikafa ganzi.

Nilipokuwa nimeacha baiskeli, mambo yalikuwa yamebadilika. Katika miaka ya 1990 Mwingereza Mike Burrows aliibunia Giant ya Taiwan fremu ya TCR, yenye bomba la juu linaloteremka kuelekea nyuma. Kwa kuwa siti ingeweza kutokeza sana, saizi chache zilitosha watu wengi. Kiwanda kilifurahi, na fremu ikawa nyepesi na ngumu zaidi. Ila kupandisha siti hakurefushi bomba la juu. Na ile shingo ya zamani, iliyoingia ndani ya bomba la uma, ikaachia nafasi shingo inayolikumbatia bomba kwa nje. Mwenye baiskeli wa kwanza hulikata bomba hilo apendavyo, na likishakatwa limekatwa. Anayenunua mtumba anarithi mgongo wa mtu mwingine. Kwa hili, wazee wa nyundo na spana walikuwa mbele yetu.

Aliyenisaidia ni fundi kijana ambaye mwenyewe hushindana. Alinisimamisha peku ukutani, akaniwekea kitabu kigumu kati ya mapaja, akakibana juu hadi mfupani, akashusha futi: sentimita 95. Akazidisha kwa 0.883, kanuni aliyoieneza Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Ikatoka 83.9, kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti.

"Hiyo ni ya miguu, mzee," akasema. "Kiwiliwili na mikono ina hesabu yake." Akaniagiza niachane na herufi XL, maana XL ya kiwanda hiki ni L ya kile. Nipime vitu viwili kuanzia kwenye ekseli ile ile: kichwa cha fremu kiko juu kiasi gani, na kiko mbele kiasi gani.

Nilikuja kuipata kwa muuzaji mwingine, nyuma ya rundo: chuma, fremu ya 62, imetoka Uholanzi kwa warefu wenzangu, shingo ni ile ya zamani. Krenki ni za 170. Ningependa 175, lakini hizo zitasubiri mshahara. Muuzaji alinipunguzia bei kabla sijafungua mdomo. Akaniomba nikimfahamu mrefu mwenzangu nimlete, kwa sababu ana nyingine ya 64 na hajui ataiuzia nani.